Bodi ndogo ikikataa kushika ruta ya nyumbani: tuanzie wapi kutafuta tatizo?

Yai la kuku huchukua siku 21 mpaka kifaranga atoboe ganda. Ndani ya mashine ya kutotolesha yenye feni, siku hizo zote joto linatakiwa libaki karibu na nyuzi 37.5 za Selsiasi. Likipanda kupita kiasi kwa saa chache, viinitete hufa. Likishuka usiku kucha kwa sababu umeme umekatika, vifaranga hutoka wachache na wanyonge, au hawatoki kabisa. Mfugaji wa Mwadui, Maganzo au Mhunze aliyejaza trei zake na kwenda kulala, akipata taarifa saa saba usiku anaweza kuwasha taa ya mafuta, kufunika mashine kwa blanketi na kuokoa kazi ya wiki tatu. Akiipata asubuhi, anahesabu hasara.

Ndiyo sababu mafundi wengi wa vifaa vya elektroniki sasa huweka bodi ndogo yenye Wi-Fi kwenye mashine hizi, kwenye matangi ya maji na kwenye mabanda. Bodi inayotumika zaidi imejengwa juu ya chipu ya ESP8266, iliyoingia sokoni mwaka 2014, au ndugu yake ESP32 iliyofuata mwaka 2016. Zote mbili ni za kampuni ya Espressif ya Shanghai, China. Ni kipande kinachoenea kwenye kiganja, kina kompyuta ndogo, redio ya Wi-Fi na pini za kuunganisha sensa. Inasoma joto, inalituma kwenye simu, na ikipata hitilafu inatoa onyo.

Tatizo linalorudi kila mara ni moja. Kwa fundi bodi ilifanya kazi vizuri, ilipofika nyumbani haishiki ruta. Au inashika, halafu baada ya siku tatu inanyamaza bila mtu kujua. Hili la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu mwenye mashine ameshaacha kuamka usiku kuangalia kipimajoto.

Tunaeleza hapa jinsi ya kulitafuta tatizo, tukilenga hali ya huku kwetu. Mwadui inajulikana kwa almasi tangu John Williamson alipoigundua mwaka 1940, lakini ukitoka kwenye uzio wa mgodi, intaneti ya nyumba nyingi haiji kwa waya wowote. Inakuja kwa kiboksi chenye laini ya simu ndani, au kwa simu yenyewe iliyowashwa hotspoti. Maelekezo mengi yanayosambaa yameandikwa kwa ajili ya nyumba zenye waya, na hayataji matatizo ambayo kiboksi cha laini ya simu huleta.

Umeme kwanza, kabla ya Wi-Fi

Fundi mwenye haraka hukimbilia kwenye nenosiri. Sisi tunashauri uanze na umeme, kwa sababu umeme dhaifu huiga karibu kila tatizo jingine.

Bodi ikiwa imetulia hula umeme kidogo. Ikianza kurusha mawimbi ya Wi-Fi, ESP32 huvuta ghafla mkondo mkubwa, mamia ya miliampia, kwa muda mfupi sana. Watengenezaji wanataka chanzo cha umeme kiweze kutoa angalau miliampia 500. Chaja ya zamani ya simu ya kitochi, au kebo nyembamba yenye urefu wa mita mbili, haiwezi. Volti zinashuka, bodi inajizima na kuwaka upya, na inarudia hivyo kila inapojaribu kushika ruta. Kwa macho utaona taa yake ikipepesa kila baada ya sekunde chache. Ukiunganisha na kompyuta na kufungua dirisha la ujumbe kwa kasi ya 115200, utaona neno brownout likijirudia. Maana yake ni kwamba volti zimeshuka chini ya kiwango. Ukiliona, achana na ruta kabisa, badilisha chaja na kebo. Kapasita ya mikrofaradi 470 ikiwekwa kati ya pini ya volti 3.3 na pini ya ardhi husaidia pia, ukiangalia upande wa chanya na hasi.

Kuna kebo ambazo zimetengenezwa kwa kuchaji tu, hazina nyaya za data ndani. Bodi itawaka lakini kompyuta haitaiona. Watu wametupa bodi nzima kwa kosa la kebo. Na usiingize volti 5 kwenye pini iliyoandikwa 3V3. Hapo hakuna kutafuta tatizo tena, bodi imekwisha.

Gigahezi 2.4, na simu inayodanganya

Umeme ukiwa sawa, swali la pili ni kama bodi inaiona ruta. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu simu inaiona.

ESP8266 na ESP32 ya kawaida hutumia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake. Masafa ya gigahezi 5 hazisikii. Ni kama redio ya mbao yenye mkanda wa FM tu. Kituo kikirusha kwa masafa mafupi, hata kikiwa na nguvu namna gani, redio hiyo iko kimya. Simu yako ina mikanda yote miwili, kwa hiyo kuonekana kwa ruta kwenye simu hakuthibitishi chochote kuhusu bodi.

Ruta nyingi mpya hutoa jina moja kwa masafa yote mawili na kukuchagulia zenyewe. Bodi zingine zinavumilia hilo, zingine zinashindwa. Dawa ni kuingia kwenye ukurasa wa ruta kwa kivinjari cha simu. Anwani yake huwa imebandikwa chini ya kiboksi. Mara nyingi ni 192.168.0.1, 192.168.1.1, au 192.168.8.1 kwa ruta nyingi za laini ya simu za Huawei. Ukiingia, tenganisha majina, mfano NYUMBANI na NYUMBANI5, kisha ipe bodi lile la kwanza. Kama ruta ina mtandao wa wageni, unaweza kuuweka kwenye gigahezi 2.4 na kuwaachia bodi peke yao.

Wanaotumia hotspoti ya simu wana la kwao. Simu nyingi za Android huruhusu kuchagua masafa ndani ya mipangilio ya hotspoti, chagua 2.4. Kwenye iPhone kuanzia toleo la 12, washa swichi iliyoandikwa Maximize Compatibility, ndipo hotspoti ishuke kwenye gigahezi 2.4. Lakini tuseme wazi, hotspoti ya simu inafaa kwa majaribio tu. Mwenye simu akienda sokoni Maganzo, mashine ya vifaranga inabaki bila mtandao.

Ukiwa bado kwenye ukurasa huo wa ruta, angalia vitu vitatu zaidi. Chaneli iwe 1, 6 au 11 badala ya kuachiwa ijichagulie, maana ruta ikihamia chaneli 12 au 13 kuna bodi zisizoipata. Upana wa chaneli uwe megahezi 20. Na ulinzi uwe WPA2. Ulinzi mpya wa WPA3 ni bora, ila ESP8266 kwa kawaida haiujui, na ESP32 yenye programu ya zamani haiujui pia. Ruta ikilazimisha WPA3, bodi itagonga mlango mpaka asubuhi.

Nenosiri

Herufi kubwa na ndogo ni tofauti. Nafasi tupu mwishoni mwa jina haionekani lakini inahesabiwa, na vibao vya simu hupenda kuiongeza vyenyewe unapoandika jina la hotspoti. Jina lenye alama ya mkato wa juu, kama simu ya mtu fulani zilivyozoea kujiita, linaweza kuandikwa kwa alama mbili tofauti zinazofanana machoni. Jina fupi la herufi za kawaida na tarakimu linamaliza ubishi.

Mitandao ya nyumba za wageni na ofisi zinazokufungulia ukurasa wa kubonyeza "nakubali" kabla ya kutumia haifai kwa bodi. Bodi haina kidole cha kubonyeza.

Kusoma namba ambazo bodi inatoa

Fundi mzuri hakisii, anaiuliza bodi. Programu nyingi za Arduino huchapisha namba ya hali ya Wi-Fi. Namba 3 ni njema: imeunganishwa. Namba 1 inasema jina hilo halionekani hewani, yaani rudi kwenye masafa, umbali, au makosa ya kuandika jina. Namba 4 ni kwamba jaribio limeshindwa. Namba 6 inachanganya watu: kwenye ESP32 inamaanisha tu haijaunganishwa, ila kwenye matoleo mapya ya programu ya ESP8266 inamaanisha nenosiri si sahihi, na kutounganishwa kumehamia namba 7. Anayesoma maelekezo ya bodi moja huku ameshika nyingine anaweza kubadilisha nenosiri siku nzima bila sababu.

ESP32 inatoa pia namba za sababu, na hizi ndizo zenye faida zaidi. Ukiona 201, ruta haikupatikana. Ukiona 15 au 202, ruta imepatikana lakini makubaliano ya nenosiri yameshindikana. Mara nyingi ni nenosiri lenyewe, mara chache ni mawimbi dhaifu yanayokata mazungumzo katikati. Ukiona 200, bodi ilikuwa imeunganishwa kisha ikaacha kuisikia ruta, na hapo chunguza umbali, umeme wa ruta na kitu chochote cha chuma kilichosogezwa karibu.

Kuna hitilafu moja ya ESP32 inayofanana na ubovu wa sensa. Pini zake za kusomea volti zimegawanyika makundi mawili, na kundi la pili halisomeki vizuri Wi-Fi ikiwa imewashwa. Pini 4, 13, 14, 25, 26 na 27 zimo humo. Sensa ya unyevu wa udongo au ya kina cha maji inayotoa volti iwekwe kwenye pini kati ya 32 na 39. Mtu akiizima Wi-Fi sensa inapona, akiiwasha inaugua; sasa unajua kwa nini.

Mabati, friji mbovu na tangi la maji

Mashine nyingi za kienyeji za kutotolesha hutengenezwa kwa friji iliyokufa, na ni wazo zuri kwa sababu friji inatunza joto. Lakini mwili wake ni wa bati. Bodi ikifungiwa ndani, mlango ukifungwa, mawimbi hayatoki. Fundi aliijaribu mlango ukiwa wazi na ikafanya kazi. Usiku mlango umefungwa na bodi imepotea.

Bodi ikae nje ya friji, antena yake, yaani ile michoro iliyo kwenye ncha ya bodi, isiguse wala kukaribia chuma. Ndani iingie sensa tu kwa waya wake. Sensa ya DS18B20 inafaa hapo: ina nyaya tatu, inahitaji rezista moja ya kiloomu 4.7, na ile iliyofunikwa kwa chuma haiogopi unyevu. Bodi yenyewe haipendi unyevu unaotakiwa ndani ya mashine, kwa hiyo kuitoa nje kunaiongezea maisha.

Nyumba zetu nazo zina mabati. Paa la bati halizuii sana mawimbi yanayokwenda chumba hadi chumba, lakini banda lililozungushiwa bati pande zote ni friji kubwa. Tofali za saruji hupunguza mawimbi, na maji hunyonya masafa ya gigahezi 2.4 vizuri sana, kwa hiyo tangi lililojaa kati ya ruta na bodi ni ukuta. Watu hushangaa kwamba kipimo cha maji kinafanya kazi tangi likiwa tupu na kunyamaza likijaa.

Iambie bodi ichapishe nguvu ya mawimbi. Namba huwa hasi: karibu na -50 ni safi, -70 inaanza kuwa mashaka, -80 na kuendelea usiitegemee. Kabla ya kununua kifaa cha kuongeza mawimbi, pandisha ruta juu ya kabati na uisogeze kwenye dirisha linalotazama banda. Mita mbili zinaweza kutosha.

Umeme ukikatika na kurudi

Hapa ndipo mayai mengi huharibika, na kosa halimo kwenye ruta wala kwenye bodi, limo kwenye programu.

Umeme ukirudi, bodi huwa tayari ndani ya sekunde moja au mbili. Ruta ya laini ya simu huhitaji dakika moja, pengine mbili, mpaka iwake, itafute mnara na kuanza kurusha Wi-Fi. Bodi inatafuta jina, haioni, inajaribu mara ishirini kama ilivyoandikiwa, inakata tamaa. Ruta inapokuwa tayari, bodi imeshaacha kutafuta. Programu nyingine ni mbaya zaidi: imeandikwa isubiri Wi-Fi milele kabla ya kufanya kazi nyingine yoyote. Kama bodi hiyo hiyo ndiyo inayowasha na kuzima balbu za joto, basi umeme umerudi, balbu zimezimika, na mayai yanapoa wakati kila kitu kinaonekana kimewaka.

Kanuni tunayoisisitiza: kudhibiti joto kusitegemee Wi-Fi hata kidogo. Programu ianze na joto, kisha ijaribu ruta kila baada ya nusu dakika bila kusimamisha kazi nyingine, na ikikosa kwa dakika kumi ijiwashe upya, mradi balbu zisizimike wakati huo. Tunapendelea hata zaidi kuwa na kidhibiti joto cha kawaida kinachosimamia balbu, na bodi iwe ya kutoa taarifa tu.

Ruta nayo ipewe betri. Vipo vifaa vidogo vya betri vya volti 9 au 12 vilivyotengenezwa kwa ruta. Soma maandishi kwenye chaja ya ruta yako kwanza, volti na mwelekeo wa chanya na hasi. Usiunganishe moja kwa moja betri ya sola inayochajiwa, kwa sababu betri ya volti 12 ikiwa kwenye chaji hupanda kupita volti 14.

Imeunganishwa lakini haifiki nje

Bodi inaonyesha namba 3 lakini simu haipati kitu. Angalia kwanza bando. Ruta isiyo na bando hurusha Wi-Fi kama kawaida, na bodi haijui tofauti. Kisha angalia anwani ambayo bodi imepewa. Ikiwa ni 0.0.0.0, ruta haikuigawia anwani, na viboksi vidogo vya kubeba mfukoni vina kikomo kidogo cha idadi ya vifaa. Mgeni wa nane akiunganisha simu, bodi inaweza kukosa nafasi. Ingia kwenye ruta uitengee bodi anwani yake ya kudumu.

Kama unataka kuifungua bodi kwa simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyo hiyo na inakataa, tafuta mpangilio unaotenganisha vifaa visionane, uuzime. Mtandao wa wageni huwa nao umewashwa.

Kuhusu kuifungua bodi ukiwa mbali, Shinyanga mjini au Kahama, maelekezo mengi husema ufungue mlango kwenye ruta. Kwa laini ya simu mara nyingi haiwezekani. Kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Tazama anwani ya nje kwenye ukurasa wa ruta: ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, hakuna mtu wa nje atakayeifikia nyumba yako moja kwa moja. Acha kupoteza bando. Ifanye bodi yenyewe itoke na kupeleka taarifa kwenye seva, kwa njia kama MQTT, nawe uisome huko. Ikiwa muunganisho ni wa siri na unakataliwa, hakikisha bodi imepata saa sahihi. Ikiwaka bila saa huamini ni mwaka 1970, na vyeti vya usalama vyote huonekana si halali.

Kwa onyo la usiku, bado tunaona SMS ni mwaminifu kuliko intaneti. Moduli ya SIM800L hutumia mtandao wa 2G, haihitaji ruta wala bando la data. Inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, na inapotuma huvuta hadi ampia 2 kwa mshtuko mfupi, kwa hiyo usiitegeshe kwenye pini ya bodi. Ipe betri yake ya lithiamu.

Vifaa hivi ni vya vifaranga na matangi ya nyumbani. Kulinda watu ni kazi nyingine. Wakazi wa hapa wanakumbuka tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi ulipobomoka na tope kuingia kwenye mashamba na makazi. Usimamizi wa mabwawa ya aina hiyo una wahandisi wake na vyombo vyake, na bodi ya mfukoni isitumike kumpa mtu moyo wa kulala karibu na hatari.

Kabla hujaweka mayai, fanya jaribio hili mashine ikiwa tupu. Zima swichi kuu ya nyumba kwa dakika tano, iwashe, usiguse chochote kwa dakika kumi. Taarifa ya joto ikirudi kwenye simu yenyewe, rudia usiku mlango wa mashine ukiwa umefungwa na tangi limejaa. Kisha ondoa ruta kwenye umeme kabisa, uone kama balbu zinaendelea kuwaka na kuzima kama kawaida. Zikiendelea, weka trei ya kwanza, na kipimajoto cha kioo kibaki ndani.